Ski Nyembamba Nilizozifungua kwa Mkono Wangu

Kontena lilifunguliwa Jumanne moja ya mwezi wa nne, saa mbili na nusu asubuhi. Ghala letu liko Mobeni, kusini mwa Durban, kati ya kiwanda cha rangi na karakana ya malori, na siku ile hewa ilikuwa na unyevu mwingi kiasi kwamba maboksi yalilegea mikononi kabla hatujayainua. Ndani kulikuwa na vifaa vya michezo vilivyotumika, kutoka Ulaya: baiskeli, raketi, mahema, na nyuma kabisa, zimefungwa mafungu mafungu kama miwa, ski zaidi ya mia moja, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji.

Watu wakisikia kwamba kuna wafanyakazi wa Durban wanaoshika ski hudhani ni utani. Mjini hapa theluji haijui mtu, na mwezi wa nne bado tunalala na feni. Lakini kwenye milima ya Eastern Cape, juu ya Barkly East, kuna mteremko mmoja ambao kila majira ya baridi hupuliziwa theluji na mashine. Wenye mteremko huo ni wateja wetu. Tunawapelekea ski za kukodisha, na tajiri wetu hutuma wafanyakazi wawili wakae huko wiki ya kwanza ya msimu, kunoa kingo na kupaka nta. Kwa miaka minne mfululizo wawili hao tulikuwa mimi, mtunza orodha wa ghala, na fundi wetu. Jioni, wageni wakishaondoka, tuliruhusiwa kuteleza mpaka giza liingie. Huko ndiko nilikojifunza, nikiwa na miaka thelathini na minne, mtu wa Moshi ambaye theluji aliijua kwa kuitazama kwa mbali.

"Na iko ya kwenu!" fundi alizoea kunitania nikianguka. "Munaifuga kule juu ya mulima kama mbuzi, halafu unaanguka hivi, yaya?"

Fundi ni Mkongo wa Bukavu, mdogo wangu kwa miaka mitano. Anakaa Point, mimi nakaa South Beach, na kwa miaka sita tulikuwa tukirudi mjini pamoja kila jioni. Tangu wiki ya kwanza aliniita yaya, yaani dada mkubwa, na mimi nikamchukulia hivyo. Nilikwenda naye shuleni kwa binti yake alipohitaji mtu wa kuzungumza Kiingereza na mwalimu mkuu. Yeye alinifundisha kushika tupa ya kunolea, kusikiliza inavyolia juu ya chuma, na kuacha pale inaponyamaza. Sikuwa na mtu mwingine Durban ambaye neno lake nililichukua bila kulikagua.

Msimu uliotangulia, msimamizi wa mteremko alituita wawili ofisini kwake. Ni mwanamke mrefu mwenye uso mwekundu, isipokuwa duara mbili nyeupe za miwani. Alisema mwaka unaofuata angeajiri mwalimu mmoja wa wanaoanza. Nafasi ilikuwa moja tu: miezi mitatu mlimani, chumba, na mwisho wa msimu kozi ya cheti. Jaribio lingekuwa Jumamosi ya kwanza ya msimu, saa mbili asubuhi, na kila mtu aje na ski zake. Za kukodisha asingezikubali.

Tulipotoka nilimwangalia fundi. Yeye aliangalia goti lake.

"Hii goti iko na maneno mingi," alisema. "Enda weye, yaya. Mimi nitanoa, weye utafundisha."

"Una hakika? Wewe unateleza vizuri kuliko mimi."

"Zamani. Franchement, kusema kweli, enda. Nitakuwa fundi yako."

Niliitaka nafasi ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kuiomba. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandika vitu ambavyo watu wengine wamevitumia na kuvichoka. Mlimani, kwa jioni chache kila mwaka, nilikuwa mtu anayefanya kitu kwa mwili wake mwenyewe. Basi nilijiandaa. Nilivaa buti za ski nyumbani, zile ngumu za plastiki, nikapanda na kushuka ngazi za jengo letu ghorofa tisa, magoti yamekunjwa. Mama mmoja Mkenya wa ghorofa ya nne alinifungulia mlango siku ya tatu.

"Dada, nauliza tu. Huko juu mnafuga farasi?"

Nikamweleza. Alinitazama buti, akanitazama usoni, akasema, "Haya. Ukipata kazi utahama?"

"Miezi mitatu."

"Mungu akusaidie uipate," akasema, na akafunga mlango.

Nilichokosa ni ski. Niliandika ukurasa mmoja wa mambo ya kutafuta, na niliuandika kutokana na mteremko wenyewe. Theluji ya kule ni maji yaliyopuliziwa hewani yakaganda. Usiku hushikana, alfajiri mashine yenye minyororo hupita na kuichana mistari, na ifikapo saa mbili asubuhi ni ngumu kama sakafu ya jikoni. Ski pana zimetengenezwa kwa theluji laini ya kina, ambako zinaelea. Juu ya sakafu ngumu zinachelewa kulala ubavu, na zikishalala zinavuta kifundo cha mguu. Mimi nilihitaji nyembamba: kiuno cha milimita sitini na nane au pungufu, katikati pale buti linapokaa. Ziwe ngumu kupinda, zenye bati la chuma ndani, ili zisitetemeke. Umbo lake liwe la kukata kona fupi, duara la mita kumi na tatu hivi, kwa sababu mteremko wenyewe hauna upana. Urefu usinipite pua. Na kingo za chuma ziwe bado na nyama ya kunoa. Ski za aina hiyo hazina huruma; ukikaa nyuma kidogo zinakutupa. Lakini ukiziegemea kutoka mwanzo wa kona mpaka mwisho, zinashika barafu na kuchora mstari mmoja mwembamba, na unajua uko wapi kila wakati.

Jumanne ile niliziona kwenye fungu la saba. Nyeusi, mstari mwekundu kwenye pua, kiuno milimita sitini na saba, urefu mita moja na sentimita sitini. Nilizikutanisha tumbo kwa tumbo na kuzibana katikati. Zilinikatalia, zikajibana polepole, na nilipoziachia zikarudi. Nilipitisha kucha juu ya ukingo na kucha ikaacha unga mweupe, ishara kwamba bado una makali. Nikazibandika kibandiko cha orodha, nikazifunga kitambaa changu.

Kitambaa ni desturi ya ghala letu, na ni ya wafanyakazi, si ya tajiri, ingawa anaijua na anaiheshimu. Kontena likifunguliwa, kila mmoja wetu anaruhusiwa kufunga kitambaa chake kwenye kitu kimoja. Changu ni kitenge cha bluu. Kitu chenye kitambaa hakiguswi na mtu mwingine, na mwenyewe anakichukua kwa bei ya wafanyakazi. Ukibadili mawazo unafungua mwenyewe, mbele ya wenzako, halafu unaweza kufunga kingine. Lakini ulichokifungua huruhusiwi kukifunga tena. Tuliweka sharti hilo baada ya watu kuanza kuchezea, wakishikilia vitu viwili viwili.

Fundi alikuja wakati wa chai, kikombe mkononi. Sasa ninakumbuka kwamba yeye hakuwa amefunga kitu. Hata kwenye kontena lililotangulia hakufunga, na wenzetu walimcheka kwamba kitambaa chake kimeliwa na panya.

"Ndizo hizi?" akauliza.

"Ndizo. Ziangalie."

Akaweka kikombe chini. Alizitazama kwa jicho moja kutoka mkiani, kama anavyofanya siku zote. Kisha akashika moja karibu na mkia, kiganja kizima, na kwa mpini wa bisibisi akagonga pembeni ya vidole vyake.

"Sikia."

Nilisikia sauti nzito, fupi, kama kugonga mkate.

"Ndani imeachana," alisema. "Bati na mbao havishikane tena. Maji yaliingia. Ukiweka nguvu kwa kona, mkia itafunguka kama kitabu. Zimekufa, yaya."

"Lakini zilinirudia nilipozibana."

"Katikati, ndiyo. Mkia ndio kifo." Akagonga tena, palepale, kiganja palepale. "Unasikia vile?"

Nilisikia. Dereva wa mashine ya kuinulia mizigo, Mzulu ambaye hupenda kujua kila kitu, akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake, "Eish, sis, zimekufa?"

"Zimekufa," fundi akamjibu kwa niaba yangu.

Kisha akanipeleka kwenye fungu la pili na kunionyesha jozi nyingine, ya kijani, kiuno milimita themanini na nane. Nikamwambia ni pana. Akasema upana si kitu kama ukingo umenolewa na mtu anayejua. "Nitakupa digrii themanini na saba, utakata barafu kama sabuni. Si niko hapa?"

Nilirudi kwenye zile nyeusi na nikafungua kitambaa mwenyewe, mbele ya watu watano. Mimi niliyekuwa na ukurasa mzima wa vipimo, niliyezibana kwa mikono yangu. Nilimwamini mtu dhidi ya vidole vyangu. Ski zikaenda kwenye rundo la kuvunjwa, ambalo ni la fundi: yeye huvua vifungio vya buti na kutupa kilichobaki. Kitambaa changu nikakifunga kwenye zile za kijani.

Kwa wiki sita alizishughulikia. Hilo ndilo ninalolirudia mara nyingi zaidi. Alizisawazisha tumbo, akanoa kingo kwa tupa tatu tofauti, akapaka nta safu juu ya safu, na kila Ijumaa aliniita nipitishe kucha. Kazi ilikuwa safi. Sijaona kingo zilizonolewa vizuri kuliko zile. Alikuwa akifanya kazi ya kweli juu ya ski aliyojua haitafaa, na usoni mwake sikusoma chochote.

Tuliondoka Durban Ijumaa alfajiri kwa gari la kampuni, tukapita Kokstad, tukafika mlimani jioni. Njiani aliimba. Tulipofika akasema atashusha mizigo mwenyewe, nikalale mapema. Nikamshukuru.

Saa mbili kasoro robo Jumamosi tulikuwa juu ya mteremko watu watano wenye vizibao vya namba. Mimi nilikuwa wa pili. Baridi ilikuwa ya kuuma meno, na theluji chini yetu ilikuwa ya kijivu, imechanwa mistari, na ilitoa mlio kama kioo ukiikanyaga. Nilikuwa nikikaza buti langu nilipoona namba nne inakuja kutoka nyuma ya kibanda, na namba nne alikuwa yeye.

"Goti limepona?" nilimuuliza.

"Kidogo."

Nikatazama chini. Zilikuwa nyeusi, mstari mwekundu kwenye pua. Vifungio vilikuwa vipya. Kibandiko cha orodha alikuwa amekibandua, lakini gundi ilibaki, mraba mdogo uliokusanya vumbi, pale pale nilipokibandika mimi. Niliinama nikagonga mkia kwa kifundo cha kidole. Ski ililia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, sauti nyembamba na ndefu, kama glasi. Hapo ndipo nilipokiona kile kiganja. Ski iliyoshikwa kwa kiganja kizima haiwezi kulia. Ukigonga kando ya vidole vyako unasikia vidole vyako.

"Ulisema zimekufa."

"Nilizitengeneza, yaya."

"Ulitengeneza nini?"

"Hapa si mahali ya maneno," alisema. "Watu wanatusikia."

"Wanaosikia Kiswahili hapa ni mimi na wewe."

Akavuta miwani yake ikafunika macho. Msimamizi, chini kabisa, akainua bendera, na namba moja akaondoka.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimetulia kuliko unavyoweza kudhani. Jaribio lilikuwa kona kumi na mbili, kila moja iwe mstari uliochorwa, bila mkia kukokota. Kona mbili za kwanza, pale juu penye mteremko mdogo, zilikuwa nzuri. Kingo za fundi zilishika. Ya tatu ndiyo ya ukali. Nililaza ski, nikasubiri ishike, na ilichukua muda mrefu kidogo kuliko nafasi niliyokuwa nayo. Kisha ikaanza kutetemeka. Mtetemo ulipanda kwenye kifundo, ukaingia gotini, mkia ukaachia na kuteleza pembeni ukikwaruza. Sikuanguka. Nilimaliza kona zote kumi na mbili, na kila moja kuanzia ile ya tatu niliisikia ikikwaruza.

Yeye alishuka dakika kumi baadaye. Niliangalia kwa sababu ni tabia yangu kuangalia. Goti lake halikuwa na neno lolote. Alichora mistari kumi na miwili, miembamba, safi, na katika kona ya saba nilimwona akikaa nyuma kidogo na ski zikimsamehe, jambo ambalo nilikuwa nimeandika kwamba hazifanyi.

Matokeo yalitolewa saa sita, ndani ya kibanda. Namba nne. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Msimamizi akanivuta pembeni.

"Unasimama vizuri," aliniambia kwa Kiingereza. "Magoti yako yametulia kuliko ya mtu yeyote hapa. Lakini umekuja na ski za theluji laini kwenye mlima wa barafu. Nani alikuchagulia?"

Fundi alikuwa karibu na jiko, amekumbatia kikombe kwa mikono miwili. Kiingereza chake ni cha kutosha kulielewa swali hilo.

"Mimi mwenyewe," nilisema.

Ulikuwa ukweli wa aina fulani. Watu watano waliuona mkono wangu. Na labda nilitaka asikie jinsi mtu anavyosema jambo ambalo ni kweli nusu. Sijui kama alisikia. Alikunywa chai yake.

Saa kumi kivuli kilikuwa kimeufunika mteremko na theluji ikaanza kuganda tena. Nilikuwa nyuma ya kibanda nikikusanya vifaa vya kazi. Alikuja na zile nyeusi begani, akazilaza mbele yangu.

"Jaribu mara moja," alisema. "Nimepanga vifungio kwa buti yako."

Nilipaswa kukataa. Lakini nilitaka kujua, na kutaka kujua kumenishinda mara nyingi maishani. Nilizivaa, nikapanda kwa kamba ya mashine inayovuta watu juu, nikashuka peke yangu. Kwenye kona ya tatu nililaza ski na haikunisubirisha. Ilishika hapo hapo, kama mtu aliyekushika mkono kabla hujaunyoosha, na nikahisi mlima wote ukipita chini ya unyayo mmoja. Kona kumi na mbili. Chini niligeuka nikatazama nyuma. Mistari yangu ilikuwa pale, na ilikuwa miembamba kuliko yake.

Alikuwa ameiona pia.

"Ndiyo maana," alisema. "Mwaka jana nilikuona jioni ile ya mwisho. Nikajua: akipata ski ya kweli, huyu atapita, na mimi nitabaki Mobeni. Iko nafasi moja tu, yaya. Kama zingekuwa mbili ningekuambia."

"Kwa hiyo goti lilikuwa uongo tangu siku ile."

"Siku ile hapana. Siku ile lilikuwa linauma kweli." Akafikiri. "Baadaye lilipona."

Alilisema kama mtu anayeeleza ratiba. Hakuomba radhi, na sidhani alikuja kwa ajili hiyo. Alitaka nimwambie kwamba ski ni nzuri. Kwamba chaguo langu, ambalo sasa lilikuwa lake, lilikuwa sahihi. Nilizivua, nikakagua kingo kwa kidole, kwa sababu kazi ni kazi.

"Ukingo wa ndani wa kulia, karibu na pua, una jino," nilimwambia. "Lipige tupa kabla hujaanza kufundisha watu."

"Asante, yaya."

"Usiniite hivyo."

Kisha akaniita kwa jina langu. Kwa miaka sita hakuwahi kulitumia, na lilitoka kinywani mwake kama jina linalosomwa kwenye orodha ya mizigo. Akauliza tuanze na ski zipi.

Jozi arobaini za kukodisha zilikuwa zikisubiri kunolewa kabla wageni hawajafika Jumapili asubuhi, na meza ya kazi ni moja. Nikamwambia tuanze na za watoto. Tukaingia ndani, nikawasha taa.